Yoga na Shinikizo la Juu la Damu: Nyongeza ya Tiba, Si Badala ya Dawa

Shinikizo la juu la damu ni maradhi yanayoingia mwilini bila kupiga hodi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu wazima bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na maradhi haya, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo. Anayegunduliwa huambiwa mambo mawili yasiyopendeza kusikia: kwamba huenda akameza dawa kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote, na kwamba hana budi kubadili namna anavyokula na anavyoishi. Si ajabu basi kwamba mtu huyo hutega sikio anaposikia kuwa ipo njia nyingine iliyo nyepesi zaidi.

Miongoni mwa njia zinazotajwa sana siku hizi ni yoga. Madarasa yake hufanyika katika kumbi za mazoezi, hotelini, ufukweni na hata kwa njia ya simu. Walimu wengi huifundisha kwa uaminifu. Hata hivyo, yapo matangazo yanayoahidi kuiponya presha kabisa, au kumwondolea mgonjwa haja ya vidonge. Ahadi ya aina hiyo ikimfikia mtu aliyechoka kumeza dawa, inaweza kumgharimu zaidi ya ada ya darasa.

Somo hili linakusudia kumwezesha mlaji kuzipima ahadi hizo mwenyewe. Halimkatazi yoga wala halimshawishi kuinunua. Akilimaliza, aweze kueleza yoga inaweza kufanya nini kwa shinikizo la damu na haiwezi kufanya nini. Ajue namna ya kuifanya bila kujidhuru. Na ajue maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha yake.

1. Maana ya namba mbili

Moyo unapojikamua, husukuma damu kwa nguvu ndani ya mishipa, na shinikizo hupanda. Unapopumzika kati ya pigo moja na jingine, shinikizo hushuka. Ndiyo sababu kipimo huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 130/84. Namba ya kwanza, inayoitwa namba ya juu, ni ya wakati moyo unapojikamua. Namba ya pili, inayoitwa namba ya chini, ni ya wakati unapopumzika. Zote mbili huhesabiwa kwa milimita za zebaki.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu endapo atapimwa siku mbili tofauti na kukutwa, katika siku zote mbili, na namba ya juu ya 140 au zaidi, au namba ya chini ya 90 au zaidi. Hali hiyo ikiachwa kwa miaka, mishipa hukakamaa na moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi. Matokeo yake ni kiharusi, mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, na kuharibika kwa figo na macho.

Jambo moja linapaswa kukumbukwa katika somo hili lote: kwa kawaida, shinikizo la juu la damu haliumi. Mtu mwenye 170/105 anaweza kuamka akiwa na nguvu, akaenda shambani au ofisini na kurudi bila kuhisi lolote. Kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi kwamba shinikizo limeshuka. Darasa la yoga humwacha mtu akiwa mtulivu na mwepesi wa mwili, na utulivu huo ni wa kweli. Lakini ni kipimo pekee kinachoweza kueleza hali iliyomo ndani ya mishipa.

2. Yoga ni nini, na tiba nyongeza ni nini

Yoga asili yake ni India. Jina lenyewe ni la lugha ya Kisanskriti, na lina maana ya kuunganisha. Kwa karne nyingi ilikuwa sehemu ya falsafa na ibada za huko, na katika karne ya 20 ilienea duniani kama mazoezi ya mwili na akili. Mwezi Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Darasa la kawaida huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni mikao: kusimama, kukaa, kujinyoosha, kujipinda na kulala kwa utaratibu maalumu. Ya pili ni kuongoza pumzi, hasa kupumua polepole na kwa kina. Ya tatu ni kutuliza mawazo, aghalabu mtu akiwa amelala chali au ameketi kimya. Madarasa hutofautiana sana. Mengine ni ya utulivu, yanayomfaa mzee au mtu asiyezoea mazoezi. Mengine ni ya kasi na jasho jingi. Mengine hufanyika katika chumba kilichopashwa joto makusudi. Kusema tu kwamba mtu anafanya yoga hakutoshi kueleza anachokifanya.

Wapo walaji wanaojiuliza kama yoga inapatana na dini yao. Mafunzo yaliyotumiwa katika tafiti nyingi za kitabibu yalihusu mikao, pumzi na utulivu, mambo ambayo yanaweza kufanywa bila sala wala nyimbo za ibada. Baadhi ya walimu huongeza maneno na desturi za kidini, na wengine hawafanyi hivyo. Mlaji ana haki ya kuuliza mapema darasa lina nini ndani yake, na kuchagua linaloafikiana na imani yake.

Tiba nyongeza ni ile inayoambatana na matibabu ya kawaida ya hospitali. Tiba mbadala ni ile inayochukua nafasi ya matibabu hayo. Zoezi lile lile linaweza kuwa nyongeza kwa mtu mmoja na mbadala kwa mwingine, kwa kutegemea kama mhusika ameendelea na dawa zake au ameziacha. Ushahidi utakaoelezwa hapa unaiunga mkono yoga kama nyongeza. Hauiungi mkono kama mbadala kwa mtu ambaye daktari ameona anahitaji dawa.

3. Namna yoga inavyoweza kushusha shinikizo

Mwili una mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Sehemu moja ya mfumo huo huuandaa mwili kwa hatari: huongeza mapigo ya moyo na kubana mishipa ya damu. Sehemu nyingine hufanya kinyume chake: hupunguza mapigo na kuuruhusu mwili upumzike. Mtu mwenye mahangaiko ya muda mrefu huishi sehemu ya kwanza ikiwa imeamka zaidi kuliko inavyotakiwa.

Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika mazoezi ya yoga anaweza kufunzwa kupumua kama mara 6 tu kwa dakika. Pumzi za polepole namna hii huipa nguvu sehemu ya mfumo inayotuliza, na huboresha kazi ya vihisio vilivyo katika mishipa mikubwa, ambavyo huuarifu ubongo kila shinikizo linapopanda. Mikao nayo ni mazoezi ya viungo, na mazoezi ya viungo kwa jumla husaidia kushusha shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, mtu aliyejiwekea ratiba ya kuutunza mwili wake huenda akalala vizuri zaidi na kula kwa uangalifu zaidi. Maelezo haya yanaingia akilini. Lakini si kila linaloingia akilini huthibitika. Linalothibitisha ni majaribio.

4. Ushahidi unasema nini

Mfano mmoja wa zamani unafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu unafundisha namna ya kuupima ushahidi wowote wa tiba. Mwaka 1973 Chandra Patel, daktari wa familia nchini Uingereza, alichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa wake 20 wenye shinikizo la juu la damu. Aliwafundisha utulivu wa yoga pamoja na kutumia kifaa kinachomwonyesha mtu jinsi mwili wake unavyotulia. Wagonjwa 5 waliweza kuachishwa dawa kabisa. 7 walipunguziwa dawa. 4 shinikizo lao lilidhibitika vizuri zaidi. Na 4 hawakuonyesha mabadiliko.

Muuzaji wa huduma angeishia hapo. Lakini palikuwa na swali: je, wagonjwa wale wasingepata nafuu hata bila yoga? Mtu akifika kwa daktari mara kwa mara, akazoea kupimwa na akahisi anajaliwa, shinikizo lake linaweza kushuka kwa sababu hizo peke yake. Mwaka 1975 Patel pamoja na mtafiti North walichapisha jaribio lililojibu swali hilo. Wagonjwa 34 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mafunzo ya yoga na kile kifaa kwa majuma sita. Kundi la ulinganisho lilipumzika kwa namna ya kawaida bila mafunzo hayo. Kundi la yoga lilishuka kutoka wastani wa 168/100 hadi 141/84. Kundi la ulinganisho lilishuka kutoka 169/101 hadi 160/96. Baadaye kundi hili la pili nalo lilifunzwa, na shinikizo lake likashuka kufikia kiwango cha lile la kwanza.

Mlaji ajifunze mambo mawili hapa. Kwanza, mafunzo yale yalisaidia, na tofauti baina ya makundi ilikuwa kubwa. Pili, kundi ambalo halikufunzwa lolote lilishuka milimita 9 katika namba ya juu. Kushuka huko hakukuletwa na yoga. Mtu anapomwonyesha mwenzake kipimo cha kabla na cha baada na kusema ni yoga iliyofanya kazi, sehemu ya anachokionyesha inaweza kuwa ni kushuka kwa namna hiyo. Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli kabisa, hauwezi kuchukua nafasi ya jaribio lenye kundi la ulinganisho.

Jaribio la Patel lilikuwa dogo, na mafunzo yake hayakuwa sawa na darasa la kawaida linalouzwa leo. Tangu wakati huo tafiti nyingi zimefanyika. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliyokusanya tafiti 17, yalikuta kwamba yoga hushusha shinikizo kwa wastani wa milimita kama 4 katika namba ya juu na 3 katika namba ya chini. Mapitio mengine ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 49 yenye washiriki zaidi ya 3,500, yalikuta wastani wa milimita kama 5 na 4. Kwa wale wenye shinikizo la juu waliofanya yoga mara tatu kwa wiki, ikiwa na mazoezi ya pumzi na ya kutuliza mawazo pamoja na mikao, kushuka kulikuwa kukubwa zaidi: kama 11 katika namba ya juu na 6 katika ya chini. Watafiti wenyewe wametahadharisha kwamba tafiti nyingi kati ya hizo ni ndogo na hazikuendeshwa kwa ubora unaolingana.

5. Hesabu ya mlaji

Tuchukue mfano wa mtu mwenye 158/96. Akipata nafuu ya wastani ya milimita 5 na 4, atafika 153/92. Amepiga hatua, lakini bado yuko juu ya 140/90. Akiacha dawa kwa kuwa sasa anafanya yoga, anabaki hatarini huku akiamini kwamba amepona.

Hata hivyo, hatua ndogo si ya kubezwa. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyohusu majaribio 123 ya dawa za kushusha shinikizo na washiriki zaidi ya 600,000, yalionyesha kwamba kila namba ya juu inaposhushwa kwa milimita 10, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo mtu anayemeza dawa zake, akapunguza chumvi, akatembea kwa miguu na kuongeza yoga, anajumlisha manufaa madogo madogo yanayoweza kuleta jumla ya maana.

Mlaji akumbuke pia kwamba yapo mambo yenye manufaa yasiyohitaji ada. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyozidi kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vilivyotengenezwa viwandani. Linashauri pia mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Kuacha tumbaku, kupunguza pombe na kupunguza uzito uliozidi ni sehemu ya ushauri huo huo. Asiye na uwezo wa kulipia darasa la yoga hajafungiwa mlango wa afya.

6. Kuhusu dawa

Usiache wala usipunguze dawa ya shinikizo la damu bila ya ushauri wa daktari. Baadhi ya dawa zikiachwa ghafla huleta madhara makubwa. Klonidini ikikatizwa ghafla inaweza kulipandisha shinikizo kwa kasi. Na dawa za jamii ya propranololi na atenololi zikiachwa ghafla zinaweza kuuletea moyo matatizo, hasa kwa mtu mwenye maradhi ya moyo.

Ikiwa yoga inakusaidia, njia sahihi ni hii: endelea na dawa kama ulivyoandikiwa, pima shinikizo nyumbani au kituoni kwa majuma kadhaa, andika kila kipimo, kisha mpelekee daktari wako daftari hilo. Yeye ndiye atakayeamua kama dozi inaweza kupunguzwa, na atakufuatilia baada ya kuipunguza. Wale wagonjwa wa mwaka 1973 walioachishwa au kupunguziwa dawa walikuwa chini ya uangalizi wa daktari, hawakuamua wenyewe. Dawa ikikuletea usumbufu, kama kizunguzungu, kikohozi kikavu au kuvimba miguu, mwambie daktari. Aghalabu ipo dawa nyingine inayoweza kukufaa, na kumweleza kuna usalama zaidi kuliko kuiacha kimyakimya.

7. Kupima kwa usahihi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo inahitaji daftari lake. Ukinunua mashine ya kupimia nyumbani, chagua yenye mkanda unaofungwa kwenye mkono juu ya kiwiko, na hakikisha mkanda unaenea mkono wako. Mkanda mdogo kuliko mkono husababisha namba kusomeka juu kuliko ilivyo. Mashine za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi zaidi.

Usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi katika dakika 30 kabla ya kupima. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikiwa sakafuni bila kupishanishwa, na tulia kwa dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uegemee meza, ukiwa sawa na usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kuachia dakika moja, na uandike namba zote mbili pamoja na tarehe na saa. Usipime mara tu baada ya darasa la yoga na kuichukua namba hiyo kuwa ndiyo hali yako ya siku nzima. Pima saa zile zile kila siku, asubuhi na jioni. Asiye na mashine anaweza kupimwa katika zahanati au kituo cha afya, naye aombe aandikiwe namba, si kuambiwa tu kwamba hali ni nzuri.

8. Kujilinda darasani

Yoga ya utulivu ni salama kwa watu wengi, lakini si kila zoezi linamfaa kila mtu. Kabla ya kuanza, muone daktari ikiwa shinikizo lako halijadhibitiwa, ikiwa umewahi kupata kiharusi au maradhi ya moyo, ikiwa una matatizo ya figo au macho, au ikiwa ni mjamzito. Mjamzito mwenye shinikizo la juu anahitaji kufuatiliwa na kliniki kwa karibu, kwa maana hali yake inaweza kubadilika kwa haraka.

Mweleze mwalimu wako hali yako na dawa unazotumia. Mtu mwenye shinikizo la juu aepuke, hasa mwanzoni, mikao ya kugeuza mwili kichwa chini miguu juu, kuzuia pumzi kwa muda mrefu, na pumzi za kasi na nguvu. Mikao ya kichwa chini huongeza pia shinikizo ndani ya jicho, hivyo mwenye glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, aiepuke kabisa mpaka atakapoelekezwa na daktari wake. Madarasa ya chumba chenye joto kali yanaweza kumpotezea mtu maji mwilini na kumletea kizunguzungu, na zaidi anayetumia dawa za kuongeza mkojo. Baada ya kulala chali, geuka ubavu, keti kidogo, kisha ndipo usimame. Dawa nyingi za shinikizo humfanya mtu aone kiwi anaposimama ghafla.

Acha zoezi mara moja ukisikia maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kizunguzungu au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Nenda hospitali bila kuchelewa ukikuta kipimo cha 180/120 au zaidi kikiambatana na dalili hizo, au na kichwa kuuma sana, kuona ukungu au kuchanganyikiwa. Uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu au ulimi kuwa mzito ghafla ni dalili za kiharusi. Hapo hakuna zoezi la pumzi wala la kupumzika la kujaribu. Kila dakika ina thamani.

9. Kabla ya kulipa

Muulize mwalimu amejifunza wapi na kwa muda gani, na kama amewahi kufundisha watu wenye shinikizo la juu la damu. Muulize angebadili nini kwa ajili yako. Mwalimu makini atakuuliza kuhusu afya yako kabla ya kukuuliza kuhusu malipo, na hatakushauri juu ya dawa zako. Anayekwambia uache vidonge, au anayeahidi uponyaji katika siku kadhaa, amejitambulisha vya kutosha, mwache.

Omba kuhudhuria darasa moja kabla ya kulipia mwezi au mwaka. Pata bei na masharti kwa maandishi: ni vipindi vingapi, ukiugua itakuwaje, na fedha hurudishwa katika hali gani. Hifadhi risiti, na hifadhi nakala ya tangazo lililokuvutia, kwa kuwa ndilo ushahidi wa ulichoahidiwa.

Jihadhari na unga, chai au vidonge vya mitishamba vinavyouzwa pembeni mwa darasa. Mazoezi ya yoga ni jambo moja, na bidhaa ya kumeza ni jambo jingine. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za mitishamba ya tiba ya jadi ya Kihindi zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston, na kukuta kwamba 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Mzizi mtamu wa likorisi, unaotiwa katika baadhi ya chai za mitishamba, unaweza wenyewe kulipandisha shinikizo la damu. Mwonyeshe daktari au mfamasia chochote unachokusudia kumeza.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Usalama wa dawa na vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na watoa huduma wa tiba asili na tiba mbadala husajiliwa na baraza lao. Aliyedanganywa asinyamaze kwa kuona haya. Malalamiko yake yanaweza kumwokoa mwingine.

Maswali ya kujipima

Swali la kwanza: Jirani yako amefanya yoga kwa mwezi mmoja na anasema presha imekwisha kwa kuwa hasikii tena kichwa kuuma. Utamjibu nini?
Jibu: Shinikizo la juu kwa kawaida halina dalili. Apime kwa siku kadhaa kwa utaratibu sahihi, aandike, na aendelee na dawa mpaka daktari aone namba hizo.

Swali la pili: Tangazo linaonyesha kipimo cha mtu mmoja kabla na baada ya darasa. Kinakosekana nini?
Jibu: Ulinganisho na watu ambao hawakufanya yoga. Katika jaribio la mwaka 1975, nao walishuka kwa kiasi fulani.

Swali la tatu: Una 146/90, unatumia dawa na ungependa kuanza yoga. Uanze vipi?
Jibu: Mjulishe daktari, chagua darasa la utulivu lenye pumzi za polepole, epuka mikao ya kichwa chini na kuzuia pumzi, endelea na dawa, na uandike vipimo vyako. Baada ya majuma kadhaa, soma daftari lako pamoja na daktari. Humo ndimo mtakamoona kama yoga imekusaidia.